Ombi Lenye Nguvu: Mafunzo ya Habari za Nchi ya Meru

Wahenga walisema, Mwomba chumvi huombea chungu chake. Maana ya mithali hii si ngumu. Mtu aendaye kwa jirani kuomba chumvi ameacha chungu chake mekoni. Mboga imo ndani, maji yanachemka, kuni zimeletwa, na kilichopungua ni chumvi tu. Kwa sababu hiyo ombi lake ni fupi, tena jirani hulisikia bila kusumbuka. Lakini asiye na chungu akiomba chumvi, watu humwuliza, "Utaitia wapi?"

Siku hizi katika vijiji vyetu vya Meru na Arusha watu wengi hutafuta fedha za msaada. Kikundi cha akina mama chataka ng'ombe wa maziwa, usharika wataka kuezeka shule ya watoto, vijana wataka mashine ya kusaga, na kijiji chataka bomba la maji kutoka mtoni. Barua nyingi huandikwa, na chache hujibiwa. Wale wasiojibiwa husema, "Sisi hatuna mtu mkubwa wa kutusemea." Pengine ndivyo ilivyo, lakini mara nyingi sababu imo katika barua yenyewe. Basi nimeona vema kuwaletea ndugu wasomaji habari tatu za kale zilizotokea katika nchi yetu, kusudi tujifunze kwazo fedha za msaada hutoka wapi, hufuata masharti gani, na ombi lenye nguvu ni lipi.

1. Habari ya fedha za mashule

Wazee wetu walianza kuona fedha za msaada kutoka mbali wakati wa Wadachi, yaani Wajerumani. Mwaka 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa huko Akeri. Baada ya miaka michache misioni ile ile ilirudi mlimani, ikajenga Nkoaranga mwaka 1902, na mwaka 1904 ikajenga Ilboru kwa ajili ya Waarusha. Makanisa yakajengwa, na pamoja nayo mashule. Sehemu kubwa ya fedha za kazi hii ilitoka kwa Wakristo wa Ujerumani waliochanga katika sharika zao, wala wengi wao hawakuuona mlima wa Meru kwa macho.

Hata mwaka 1914 vita vikuu vikaanza, na njia ya fedha ikakatika. Mwaka 1920 serikali ya Kiingereza iliwaondoa nchini wamisionari wa Leipzig, isipokuwa wachache. Mashule na makanisa yakabaki mikononi mwa walimu na wazee Waafrika, nao hawakuwa tena na mfuko ule wa Ulaya wa kuutegemea. Baadaye Walutheri wa Augustana wa Marekani walikuja kusaidia, na wale wa Leipzig wakaruhusiwa kurudi. Lakini mwaka 1939 vita vya pili vikazuka, Wajerumani wakakamatwa, na kwa mara ya pili mto ule ukakauka. Tazameni, katika muda wa miaka 25 hivi fedha zilikatika mara mbili, na hakuna mwana wa Meru aliyekuwa na shauri katika ugomvi uliozikata.

Mtu asidhani mambo hayo yalikuwa ya zamani tu. Mwezi wa Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake mingi kwa nchi za nje, na tarehe 1 Julai mwaka huo shirika lake la misaada, USAID, likafungwa. Kazi nyingi katika Afrika, hasa za afya, zikatikisika kwa siku chache. Kwa hiyo fundisho la kwanza ni hili: fedha itokayo mbali yaweza kuwa njema sana, lakini kisima chake hakimo katika shamba lako. Mwenye kuomba lazima ajue tangu mwanzo atafanya nini siku itakapokoma.

Fundisho la pili limo katika habari ya Waingereza. Mwaka 1925 serikali ya Uingereza ilitoa maandiko juu ya elimu katika nchi zake za Afrika, ikasema kwamba itashirikiana na misioni, na kwamba mashule ya misioni yenye kazi njema yatapewa msaada wa fedha. Katika Tanganyika sheria ya elimu ya Waafrika ikatungwa mwaka 1927. Tangu hapo misioni ziliweza kupata fedha za serikali, lakini kwa masharti. Shule ilipaswa kukubali kukaguliwa, kufuata muhtasari wa serikali wa masomo, na kuwa na walimu wenye vyeti. Shule ndogo za vichakani, ambamo watoto wengi zaidi walijifunza kusoma, hazikupata kitu, kwa kuwa hazikutimiza masharti hayo.

Tuangalie jambo hili vizuri. Huenda mwalimu wa kichakani alikuwa na bidii kuliko mwenye cheti, na huenda watoto wake walisoma vizuri zaidi. Lakini mwenye fedha hakai kijijini mwako. Hukujua kwa yale anayoyaona katika karatasi na kwa macho ya mkaguzi wake. Kazi njema isiyoandikwa, kwake ni kama haikufanyika. Tena sharti hubadili kazi: shule zilizokubali fedha zilikubali pia kufundisha kama serikali ilivyotaka. Basi kabla ya kuomba, someni masharti yote hata mwisho, mkaulizane, "Je, tukiyafuata haya, kazi yetu itakuwa bado ni ile tuliyoitaka?" Ikiwa sivyo, tafuteni mlango mwingine.

2. Habari ya karanga za Kongwa

Habari ya pili yaonyesha kwamba ombi laweza kukubaliwa upesi na kupewa fedha nyingi mno, na mwisho wake ukawa aibu.

Baada ya vita vya pili watu wa Uingereza walikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 mkubwa mmoja wa kampuni ya biashara aliipelekea serikali yao shauri la kulima karanga kwa mitambo katika Afrika ya Mashariki. Ndipo serikali ikamtuma John Wakefield, aliyekuwa zamani mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, pamoja na wenzake, waichunguze nchi. Walizunguka kwa muda wa majuma 9 tu. Kisha wakaandika taarifa yenye hesabu nzuri sana: eka zaidi ya milioni 3, gharama ya pauni milioni 24 hivi, na faida yake kila mwaka.

Kazi ikaanza mwaka 1947 huko Kongwa katika nchi ya Ugogo. Mitambo ikaletwa kwa meli na kwa reli, lakini mizizi ya miti ikaishinda, na udongo ulipokauka ukawa mgumu kama matofali. Mvua nazo hazikuja kama taarifa ilivyotumaini. Ukame wa nchi ile haukuwa siri. Wagogo wote waliujua, nao hupanga maisha yao kwa kuuogopa. Mwaka 1951 serikali ya Uingereza ikaiacha kazi ile, na pauni zaidi ya milioni 36 zikahesabiwa kuwa zimepotea.

Haraka haraka haina baraka. Taarifa ile haikushindwa kwa kukosa lugha njema, wala kwa kukosa watu wakubwa wa kuisemea. Ilishindwa kwa sababu hesabu zake hazikupimwa kwa udongo na mvua, na wenyeji hawakuulizwa vya kutosha. Hapa twaona hatari iliyo kubwa kuliko kunyimwa, nayo ni kupewa fedha kwa neno lisilo kweli. Aliyenyimwa aweza kurekebisha barua yake na kuomba tena. Aliyepewa akashindwa amepoteza fedha za watu, na jina lake pamoja nazo.

3. Habari ya Wameru na Ngare Nanyuki

Sasa nafika katika habari iliyo karibu na mioyo yetu. Hii si habari ya kuomba fedha bali ya kuomba haki. Lakini katika nchi yetu sijui ombi lililoandaliwa kwa taabu kuliko hili, wala lililotufundisha zaidi.

Wadachi walipotawala waliwapa walowezi mashamba makubwa chini ya mlima, wakiwamo Makaburu waliotoka kusini. Hivyo Wameru na Waarusha wakabanwa: juu yao msitu wa serikali, chini yao mashamba ya wageni. Watu walipoongezeka, wengi walitafuta nafasi upande wa kaskazini na mashariki ya mlima, katika Ngare Nanyuki na Leguruki, wakalisha ng'ombe na kulima huko.

Mwaka 1946 serikali ya Tanganyika ilimweka Jaji Mark Wilson achunguze mambo ya ardhi ya Arusha na Moshi, na taarifa yake ikatoka mwaka 1947. Ilishauri kwamba sehemu ya Ngare Nanyuki, pamoja na mashamba yaliyojulikana kama Namba 31 na Namba 328, iwe ya Wazungu ya kufugia ng'ombe, na Wameru waliokuwa huko wahamishiwe Kingori. Serikali ilisema kwamba Wameru watapewa nchi nyingine na fidia, na kwamba nchi nzima itafaidika kwa nyama na maziwa. Wameru walijibu kwamba Kingori kuna joto, homa na mbung'o, na kwamba nchi yao hawakuitoa wala hawataiuza.

Tarehe 17 Novemba 1951 askari walifika Ngare Nanyuki, wakaanza kuwaondoa watu. Watu wapatao 3,000 walihamishwa, na nyumba zao zikachomwa moto. Wengi walikataa kwenda Kingori, tena walikataa fidia. Maana waliona kwamba mwenye kuipokea fidia amekubali kuuza. Wakaenda kukaa kwa ndugu zao mlimani, ingawa mlimani kwenyewe nafasi ilikuwa haba.

Fikirini, wasomaji, jinsi hali yao ilivyokuwa. Walikuwa na uchungu mkubwa, na mtu mwenye uchungu huandika kwa hasira au huacha kuandika kabisa. Lakini wao hawakuchukua silaha. Walifanya mambo manne, nami nitayaeleza moja moja, kwa kuwa ndiyo kiini cha insha hii.

Jambo la kwanza, walitafuta mlango uliokuwa wazi kwa ombi la namna yao. Tangu mwaka 1946 Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa; Uingereza iliitawala, lakini ilitakiwa kutoa hesabu mbele ya Baraza la Udhamini huko New York. Na mkataba wa Umoja wa Mataifa, katika kifungu cha 87, ulilipa Baraza hilo uwezo wa kupokea maombi ya watu na kuyachunguza. Wameru hawakuandika kwa kila mkubwa wa dunia. Waliandika kwa wale ambao sheria yao wenyewe iliwalazimu kusoma.

Jambo la pili, walitafuta mjuzi wa kuwasaidia kuandika. Huko Moshi alikuwapo mwanasheria kijana, Earle Seaton, mtu mweusi aliyezaliwa katika kisiwa cha Bermuda. Yeye alijua sheria na desturi za mabaraza; wao walijua ardhi yao na mambo yaliyowapata. Seaton hakuwabunia malalamiko, wala wao hawakumwachia kazi yote kisha wakalala. Kila mmoja alileta alichokuwa nacho.

Jambo la tatu, walichanga. Safari ya New York ilikuwa ya gharama kubwa sana kwa wakulima, na serikali haikuwa na nia ya kuwalipia watu waende kuishitaki. Fedha zilitoka kwa Wameru wenyewe, shilingi kwa shilingi. Haba na haba hujaza kibaba. Hapa ndipo chungu cha Wameru kilipoonekana. Mjumbe aliyesimama mbele ya mataifa hakuwa mtu aliyejituma. Nyuma yake palikuwa na maelfu waliotoa fedha yao ili asimame, na kila aliyemsikia aliweza kufahamu hivyo.

Jambo la nne, walisema neno moja. Mwaka 1952 Seaton na Kirilo Japhet, mjumbe wa Wameru, walisimama mbele ya Baraza la Udhamini, na mwisho wa mwaka ule Kirilo akasimama tena mbele ya Kamati ya Nne ya Baraza Kuu. Walikuwa na mambo mengi ambayo wangeweza kulalamikia: kodi, mashule, bei ya kahawa, dharau. Lakini kiini cha ombi lao kilikuwa kimoja: turudishiwe nchi yetu. Walieleza ni nchi ipi, ni watu wangapi, ni siku gani walitolewa, na vitu gani viliharibika. Msikilizaji aliyekuwa hajasikia jina la Meru maisha yake yote aliweza kulifahamu jambo lile, na kulirudia kwa mwenzake.

Je, walipata walichoomba? Hapana budi tuseme kweli. Baraza la Udhamini lilisikitikia yaliyotendeka, lakini halikuiamuru Uingereza kuirudisha nchi. Kamati ya Nne ilikubali azimio lililowaunga mkono Wameru, lakini lilipofika mbele ya Baraza Kuu mwezi wa Desemba 1952, halikupata theluthi mbili za kura zilizotakiwa. Kirilo alirudi bila shamba mkononi.

Lakini ombi lililoandikwa vizuri halifi siku linapokataliwa. Habari za Meru zilijulikana katika mataifa mengi, na watu wa Tanganyika wakafahamu kwamba mwananchi aweza kusimama mbele ya wakubwa wa dunia akasikilizwa. Tarehe 7 Julai 1954 chama cha TANU kilipoanzishwa Dar es Salaam, Kirilo Japhet alikuwa mmoja wa waanzilishi. Na tarehe 7 Machi 1955 Julius Nyerere aliposimama mbele ya Baraza lile lile la Udhamini, alipita njia ambayo Wameru walikuwa wamekwisha kuifyeka. Hata nauli yake ilitokana na michango ya watu. Yale mashamba ya ng'ombe ya walowezi hayakustawi kama ilivyotumainiwa, na baadaye nchi ile ikarudi mikononi mwa Wameru. Leo Ngarenanyuki ni kata katika Wilaya ya Meru, na nyanya zake huuzwa katika masoko mengi. Mwaka 1967 Kirilo na Seaton walitoa kitabu juu ya kesi ile, na kwa sababu waliandika na kuhifadhi, sisi tuliozaliwa baadaye twaweza kuisoma.

4. Kanuni za barua ya maombi

Sasa tukusanye mafunzo haya, tuyatie katika kazi za vijiji vyetu. Kwanza nitaonyesha barua mbili za mfano, ambazo nimezitunga mwenyewe.

Ya kwanza yasema hivi: "Sisi ni maskini sana. Shule yetu ni mbaya na watoto wanateseka. Tunaomba mtusaidie kwa chochote mtakachojaliwa. Mungu atawabariki." Barua hii haina uongo, nayo imetoka moyoni. Lakini msomaji wake hajui shule iko wapi, ina watoto wangapi, imepungukiwa nini, wala akitoa shilingi laki moja zitafanya kazi gani. Neno "chochote" laonekana kuwa la unyenyekevu, lakini humtwika mtoaji kazi ya kufikiri ambayo ilikuwa yetu.

Ya pili yasema: "Shule yetu ina watoto 96 katika vyumba viwili. Chumba cha tatu wananchi wamekwisha kukijenga kuta kwa mawe na mchanga wao wenyewe, lakini hakina paa. Gharama ya paa ni shilingi 5,000,000: bati 80 kwa 2,800,000, mbao 1,400,000, misumari 200,000, na ufundi 600,000. Wazazi wamechanga 1,250,000, nazo ziko benki. Tunaomba 3,750,000 zilizobaki. Kazi itaanza mwezi wa Julai baada ya mvua za masika, na itamalizika kwa majuma 4. Ukarabati wa kila mwaka utalipwa na mfuko wa wazazi." Bei hizi ni za mfano tu, kila mtu aulize bei za dukani kwake. Lakini tazameni tofauti. Barua ya pili haina maneno makubwa. Hata hivyo chungu kinaonekana, na mboga imo ndani.

Basi kanuni zake ni hizi.

Kwanza, ujue unamwandikia nani. Kila mfuko una kusudi lake: mmoja ni wa maji, mwingine wa elimu, mwingine wa wanawake. Kumwomba mwenye mfuko wa maji fedha za bati ni kupoteza karatasi. Tena msitazame ng'ambo tu. Kwa sheria ya nchi yetu kila halmashauri yatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Huo ni mkopo, si zawadi, nao lazima urudishwe. Lakini mlango wake ni karibu kuliko New York. Afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu ataeleza masharti yake.

Pili, hesabu kabla ya kuandika. Usiseme "watoto wengi", sema ni wangapi. Usiseme "maji ni mbali", sema mama hutembea muda gani kwenda na kurudi. Na hesabu hizo zitoke kwa wenyeji, wazee na wanawake pamoja, yasije yakatupata ya Kongwa.

Tatu, uonyeshe mchango wenu. Si lazima uwe fedha tu. Mawe, mchanga, kiwanja na siku za kazi vyote vina thamani, mradi viandikwe.

Nne, omba jambo moja, kwa kiasi kinachojulikana. Wakristo wanakumbuka jinsi Nehemia alivyofanya mfalme wa Uajemi alipomwuliza ataka nini. Alitaja muda wa safari yake, akaomba barua kwa maliwali wa njiani, na barua kwa mlinzi wa msitu apewe miti, akaeleza miti hiyo ni ya kazi gani. Alikuwa amekwisha kuyafikiri kabla hajaulizwa.

Tano, taja majina ya watakaozitunza fedha, na namna watakavyozitunza. Kikundi kiwe kimeandikishwa, kiwe na katiba, akaunti ya benki yenye watia sahihi zaidi ya mmoja, na daftari la mikutano. Mali bila daftari hupotea bila habari. Fedha ikifika, kila stakabadhi iwekwe, na taarifa ipelekwe kwa siku iliyoahidiwa, hata kama kazi imechelewa. Mtoaji husamehe kuchelewa kulikoelezwa, kunyamaza hakusamehi. Vikundi vingi hupata mara moja tu, wala havipati tena, kwa sababu baada ya kupokea vilinyamaza.

Sita, andika kweli tupu. Mtu akiongeza idadi ya yatima ili ombi lipendeze, ameiba kabla fedha haijafika.

5. Neno la mwisho

Mji wetu wa Arusha umelipa jina lake azimio ambalo watu wengi hulitaja na wachache hulisoma. Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana hapa mwishoni mwa Januari 1967, na Azimio la Arusha likatangazwa tarehe 5 Februari. Pamoja na mambo mengine, lilionya kwamba ni kosa kuifanya fedha kuwa msingi wa maendeleo, hasa fedha ya kutoka nje, maana nchi itegemeayo zawadi na mikopo hujitia mashakani. Mengi yaliyofanywa baada ya azimio lile watu wameyabishania na bado wanayabishania. Lakini onyo hili halijapoteza nguvu zake, na waliosimamishiwa misaada mwaka 2025 waweza kulishuhudia.

Sisemi kwamba kuomba ni aibu. Jirani hukopeshana moto, na nchi nazo husaidiana. Lakini ombi ni mtihani wa kijiji chenyewe. Kijiji kisichoweza kukutana, kuhesabu, kuchanga na kuandika kweli, hata kikipewa mamilioni hakitajenga kitu kitakachosimama. Na kijiji kinachoweza mambo hayo manne, hata kikinyimwa, kimekwisha kupata sehemu kubwa ya kile kilichokwenda kuomba.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kabla ya kuandika barua nyingine, iteni mkutano. Hesabuni watoto, bati na siku za kazi. Wekeni mezani mchango wa kwanza, hata uwe mdogo, mkauandike katika daftari mbele ya watu wote. Kisha ndipo mshike kalamu.